Ni nani atakayesema habari zako siku ya mazishi?



Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwinjilisti kijana, niliitwa kuongoza mazishi katika kijiji kimoja upande wa Kasugho, wilaya ya Lubero. Mchungaji alikuwa safarini. Nilifika kwa pikipiki, mvua imenipiga njia nzima, na watu walikuwa wamekwisha kuketi chini ya turubai wakinisubiri. Jina la marehemu niliuliza mlangoni. Kisha nikahubiri vizuri, au ndivyo nilivyofikiri. Nilimsifu yule mama kwa ajili ya watoto aliowazaa na kuwalea katika njia ya Bwana. Nikaona watu wananyamaza, wengine wanatazama chini.

Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mzee mmoja alinivuta pembeni. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwinjilisti, yule mama hakuzaa."

Jioni, akina mama waliokuwa wakiosha masufuria wakanieleza alikuwa nani. Kila majira ya kupanda alikopesha mbegu za maharagwe kwa yeyote aliyekosa. Aliomba arudishiwe beseni lile lile wakati wa mavuno, na mavuno yakiharibika hakudai. Nyumba nyingi za kijiji kile zilikula kutoka mbegu zake. Neno hilo halikusemwa hata mara moja katika ibada. Mimi ndiye niliyeongoza, na kwa maneno yangu tulimzika mtu mwingine.

Naandika haya kwa sababu kuanzia Beni hadi Butembo, na kutoka Butembo hadi vijiji vyetu vya Lubero, tunazika mara nyingi kuliko tunavyobatiza. Kosa kama langu linarudiwa. Lakini kuna jambo linaloweza kulizuia: mtu mwenyewe, angali mzima, aseme ni nani angependa aongoze ibada yake, kitu gani kisemwe, na kitu gani kisifanyike. Makala hii inaeleza namna ya kufanya hivyo.

Je, ni kuita kifo?

Wengi wetu tulikatazwa na wazazi kuzungumza habari za mazishi yetu wenyewe. Ukisema, unaambiwa unakiita kifo. Lakini tukifungua Maandiko tunaona watu wa imani wakifanya hivyo bila hofu. Yakobo alimwapisha Yusufu kwamba hatazikwa Misri (Mwanzo 47), kisha akawaonyesha wanawe pango lenyewe ambalo wangemlaza pamoja na baba zake (Mwanzo 49). Yusufu naye aliwaapisha ndugu zake juu ya mifupa yake (Mwanzo 50), na miaka mingi baadaye Musa alipotoka Misri aliibeba (Kutoka 13). Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unahesabu agizo hilo la Yusufu kuwa tendo la imani.

Tazama pia Matendo ya Mitume 9. Petro alipoingia chumba alicholazwa Dorkasi, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Walishika kazi ya mikono yake na kuonyesha. Yule mama wa Kasugho alistahili hivyo hivyo: mtu asimame na beseni la maharagwe.

Wengine wanauliza kama kumtaja mtu hivyo si kumpa mwanadamu utukufu wa Mungu. Ni kweli kwamba sifa za uongo hazifai kanisani. Lakini kusema ukweli kuhusu neema ambayo Mungu aliifanyia kazi ndani ya mtu fulani, katika kijiji fulani, ni ushuhuda.

Anayeongoza ni nani?

Kwetu ibada ya mazishi huongozwa na mchungaji. Akiwa mbali, huongozwa na mwinjilisti, shemasi au mzee wa kanisa. Hapo tayari kuna uchaguzi, ingawa mara nyingi unaachwa uamuliwe na bahati ya nani yuko karibu siku hiyo.

Katika nchi nyingine kazi hiyo imekuwa na sura nyingine pia. Huko Australia, mwaka 1973, waziri wa sheria Lionel Murphy alianza kuteua watu wasio wachungaji ili wafungishe ndoa za wale wasiotaka kwenda kanisani wala kuoana katika ofisi ya serikali. Katika miaka iliyofuata, baadhi ya watu hao walianza kuombwa kuongoza mazishi. Leo kazi hiyo ipo katika nchi nyingi, na watu wa kwetu waliohamia huko kama wakimbizi wanakutana nayo. Ndiyo maana mzazi wa Butembo anaweza kupigiwa simu na mtoto wake wa ng'ambo na kuulizwa jambo ambalo hakulitarajia: "Baba, nani aongoze, na wewe ungependa nini kisemwe?"

Sisi tunazika katika tumaini la ufufuo, na hatuachi tumaini hilo. Hata hivyo, namna wanavyoitayarisha kazi yao ina somo kwetu. Kabla ya kusema neno lolote, anayeongoza huketi na familia. Anauliza na kuandika. Kisha anawasomea alichoandika ili wakisahihishe kabla ya siku yenyewe. Saa moja tu ya kusikiliza ingeniokoa mimi na aibu yangu, na ingewapa wafiwa wale faraja waliyonyimwa.

Ebola ilitufundisha nini

Hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika mkoa wetu, ikianzia Mangina, upande wa Beni. Mwanzoni mwa 2019 Butembo na Katwa ndizo zilizoumia zaidi. Mlipuko ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 kufa.

Mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana. Kwa hiyo tulikatazwa kuuosha, kuugusa na kulala nao nyumbani. Timu za mazishi zilikuja na mavazi meupe, zikachukua wapendwa wetu katika mifuko. Kulikuwa na hasira, mawe yalirushwa, na waliokuja kuzika walijeruhiwa. Tulisikia watu wakisema kwamba jeneza ni tupu, au kwamba viungo vimeuzwa.

Hali ilianza kutulia pale familia zilipoulizwa. Avalishwe nini? Ni kitu gani chake kiwekwe pamoja naye? Kaburi liwe wapi? Nani aombe? Familia zikapewa nafasi ya kuona uso kupitia mfuko unaoonyesha, na mchungaji akasimama kwa umbali uliotakiwa, akaomba kwa sauti ya kusikika. Mwili haukuguswa, lakini wengi walirudi nyumbani wakisema, "Tumemzika." Tulipoondolewa karibu kila desturi, tuligundua kwamba jina la mtu, sala, na maneno ya kweli juu yake vilitosha kumzika kwa heshima.

Mambo matano ya kuamua

Ndugu msomaji, chukua karatasi. Huhitaji fedha wala wakili ili kuanza.

La kwanza ni kiongozi wa ibada. Taja mtu anayekujua, na umtaje wa pili kama wa kwanza hatapatikana. Zungumza nao sasa, wasije wakashtuka. Mjulishe mchungaji wa parokia yako, kwa maana yeye ndiye mwenye dhamana ya ibada. Wachungaji wengi hufurahi kupata msaada wa mtu aliyemjua marehemu.

La pili ni habari za maisha yako. Usiwaachie watu kukumbuka tarehe katikati ya machozi. Andika ulizaliwa wapi, ulibatizwa lini, ulioa au kuolewa na nani, ulifanya kazi gani, ulikimbia vita kutoka wapi hadi wapi. Ongeza mambo mawili au matatu ambayo Mungu alikutendea. Kurasa mbili zinatosha. Taja nani azisome. Inafaa asomaye asiwe mhubiri, ili habari za marehemu zisikilizwe peke yake na Neno lipewe nafasi yake.

La tatu ni nyimbo na Neno. Chagua nyimbo mbili au tatu ambazo watu wa kijiji wanaziweza bila kitabu, na andiko moja. Kama unapenda wimbo mmoja uimbwe kwa Kinande na mwingine kwa Kiswahili, sema hivyo. Wajukuu wa mjini na mabibi wa shambani wote watapata sehemu yao.

La nne ni mahali pa kaburi. Wengi wetu tunapenda kulala katika ardhi ya familia. Lakini barabara hufungwa na vita, na wengi wetu leo tunaishi tulikokimbilia. Usiwafunge watoto kwa kiapo kitakachowapeleka katika hatari. Andika unachopenda, kisha uandike pia la kufanya kama njia imefungwa. Mifupa ya Yusufu ilisubiri miaka mingi, wala Mungu hakuisahau.

La tano ni gharama. Hili ndilo linalovunja familia. Kila siku ambayo mwili unakaa katika chumba cha maiti inalipwa. Kuna sanduku, viti, turubai, na chakula cha watu wa matanga. Mjane huamka baada ya wiki mbili akiwa na deni, na pengine shamba limeuzwa. Andika wazi: "Msikope fedha kwa ajili yangu." Maneno hayo yakitoka kwako, yanamlinda mjane. Yakitoka kwake yeye, ndugu wa mume watasema ni mchoyo.

Mfano wa karatasi

Inaweza kuwa fupi kama hii: "Mimi, jina langu fulani, nikiwa na akili timamu, naomba ibada ya mazishi yangu iongozwe na fulani, au fulani akikosekana. Binti yangu mkubwa asome habari za maisha yangu, ambazo nimeziweka pamoja na karatasi hii. Naomba nizikwe shambani kwetu. Kama njia haina usalama, nizikwe pale nilipofia. Matanga yasipite siku tatu. Msikope fedha. Nina deni kwa fulani, naye fulani ana deni kwangu." Halafu tarehe na sahihi.

Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inatambua wosia wa aina tatu: ule unaofanywa mbele ya ofisi, ule ulioandikwa kwa mkono, na ule wa mdomo. Wa mkono unapaswa uandikwe wote na mwenyewe, uwe na tarehe na sahihi yake. Kwa hiyo usimwombe kijana akuandikie kwa kompyuta, kama unaweza kuandika. Wosia wa mdomo ni wa mtu anayeona kifo kimekaribia, naye anausema mbele ya mashahidi wasiopungua wawili walio watu wazima. Maagizo ya mazishi ni kati ya mambo ambayo wosia huo unaweza kubeba. Basi, mzee asiyejua kusoma hajaachwa nje. Shemasi anayemtembelea mgonjwa na aende na mwenzake, ili wawe wawili wa kusikia.

Usifiche karatasi hiyo ndani ya sanduku la nguo ambalo litafunguliwa mwezi mmoja baada ya mazishi. Mpe mmoja wa familia nakala, na nyingine umpe mchungaji au mzee wa kanisa. Soma tena kila mwaka, kwa maana watu huhama na wengine hututangulia.

Kwa wewe unayeongoza

Wainjilisti na mashemasi wenzangu, ninyi mtaitwa usiku, mvua ikinyesha, kama mimi. Hata hivyo fika saa moja kabla. Keti na mjane au mgane, na mtoto, na jirani mmoja. Uliza maswali machache: Mlimwita nani nyumbani? Alipenda kusema nini? Nani atamkosa zaidi? Kuna jambo gani nisilitaje? Swali hili la mwisho ni la muhimu. Mimi ningeliuliza, nisingesema habari za watoto.

Kuna wafu ambao habari zao ni ngumu. Mlevi, aliyeacha mke, kijana aliyeingia msituni na bunduki, aliyekuwa chini ya nidhamu ya kanisa. Usimfanye malaika, kwa sababu waliokaa pale wanajua, wala watoto wake wasifanyiwe hukumu juu ya kaburi. Unaweza kusema, "Maisha yake yalikuwa na mapambano, na ninyi mliyaona. Tunamweka mikononi mwa Mungu aliye mwenye haki na rehema." Maneno hayo ni ya kweli, na mama yake anaweza kuyasikia bila kukimbia.

Kama wewe msomaji uko chini ya nidhamu na unajiuliza kanisa litafanya nini siku yako, usiwaachie watoto swali hilo mlangoni pa chumba cha maiti. Nenda kwa mchungaji wiki hii.

Pasipokuwa na mwili, pasipokuwa na usiku

Kuna familia kati yetu, hasa upande wa Beni tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, ambazo hazikupata mwili wa kuzika. Mtu alikwenda shambani hakurudi. Familia inabaki miaka ikisubiri hatua mlangoni, na mke hajui kama ni mjane. Kwa hao ibada ya ukumbusho inaweza kufanyika. Chagueni siku ambayo familia yenyewe imekubali, wala msiwaharakishe. Wekeni mbele kitu chake: jembe, Biblia, picha. Habari za maisha zisomwe na jina litajwe kwa ukamilifu. Anayeongoza asiseme kwamba anajua yaliyotokea kama hajui. Anaweza kuomba hivi: "Bwana, wewe unajua alipo."

Tena kuna swali la kukesha. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2025, huko Ntoyo, wilaya yetu hii ya Lubero, waasi wa ADF waliwavamia watu waliokusanyika matangani, na zaidi ya watu 60 waliuawa. Walikuwa wamekwenda kuwafariji waliofiwa, kama sisi sote tunavyofanya. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba kukesha ni desturi isiyoguswa. Katika maeneo ya hatari, ibada ya mchana, watu wakarudi nyumbani kabla ya giza, si upungufu wa upendo. Mnamo Machi 2020, wakati wa korona, serikali ilikataza matanga na kuagiza miili itoke chumba cha maiti moja kwa moja hadi kaburini. Tulihuzunika, lakini tuliweza. Wewe mwenyewe unaweza kuwafungua watu wako kwa mstari mmoja katika karatasi yako: "Msikeshe kwa ajili yangu kama hakuna usalama."

Kuanzia Jumapili hii

Parokia inaweza kusaidia kwa jambo dogo. Siku moja baada ya ibada, akina mama, vijana na wazee waketi, kila mmoja na karatasi, na wanaojua kuandika wawasaidie wengine kupanga mawazo yao. Pasiwe na hotuba ndefu. Mtakuta watu wanacheka, maana mzee mmoja atasema ni wimbo gani hautaki kabisa. Mtakuta pia wengine wanalia, na wanandoa wanaambiana mambo ambayo hawakuyasema kwa miaka.

Mimi yangu nimekwisha kuiandika. Imo ndani ya Biblia yangu, na nakala iko kwa mke wangu. Nimetaja kiongozi wa ibada, mtu anayejua makosa yangu. Nimeomba aeleze habari ya mazishi yale ya Kasugho, na safari hii amtaje yule mama kama alivyokuwa: aliyekopesha mbegu na hakudai.

Bwana atufundishe kuzihesabu siku zetu, na awafariji wote walio katika matanga wiki hii.